Sumu ya Plastiki na Wanyonge wa Baharini

Ni desturi ya binadamu kukiogopa kikubwa na kukidharau kidogo. Meli ya mafuta ikipasuka, dunia nzima hupiga kelele. Kasa akifa kwa kumeza mfuko wa plastiki, picha yake husambaa kila pembe na wenye huruma hudondosha machozi. Hayo si mabaya. Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo lipitalo kimya kila siku, nalo ni sumu itokayo katika plastiki na kuwaingia wanyama wa baharini walio wadogo hata jicho haliwaoni sawasawa. Hakuna awapigaye picha, wala hakuna awaliliaye. Nao ndio wanaokibeba chakula chote cha baharini, kama vile mkulima na mfanyakazi wanavyoubeba utajiri wote wa nchi. Mdharau mwiba, walisema wazee, mguu huota tende.

Leo twataka kulieleza jambo hili mbele ya wanachama na wafanyakazi, kwa kuwa twaamini si la wataalamu peke yao. Ni jambo la kitoweo cha mwananchi na kazi ya mvuvi, na zaidi ya yote ni jambo la haki: nani apataye faida, na nani alipaye gharama. Rai yetu ni moja. Kufagia pwani ni kuzuri, lakini sumu haizaliwi pwani. Huzaliwa kiwandani, na huko ndiko ipasapo kuzuiwa. Na hatua ya kwanza ya kuizuia ni kumlazimisha mtengenezaji aseme ametia nini ndani ya plastiki yake.

NI NANI HAO WADOGO?

Maji ya bahari yaonekanayo matupu si matupu. Yamejaa viumbe wadogo waelekeao popote maji yaendapo, ambao wenye elimu huwaita planktoni. Baadhi yao ni mimea, hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Wengine ni wanyama, na hao huila ile mimea. Miongoni mwa wanyama hao walio wengi kupita wote ni kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, ambaye urefu wake kwa kawaida ni milimita 1 au 2, mfano wa punje ya ulezi.

Kopepodi huyu hana jina mtaani, lakini kazi yake yajulikana mezani. Huyakusanya yale majani madogo yasiyoweza kuliwa na samaki wengi, akayageuza kuwa mafuta na nyama. Ndipo dagaa humla yeye, na vibua humla yeye, na jodari huwala dagaa na vibua, na mwananchi huwala wote. Hata papa potwe wa Mafia, samaki aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani, huishi kwa kuchuja maji na kula wadogo wa namna hiyo. Mkubwa hana maisha pasipo mdogo. Hii ni kanuni ya bahari kama ilivyo kanuni ya nchi.

Tena wako wengine ambao ni wadogo kwa muda tu. Kamba, kaa, chaza na matumbawe huanza maisha kwa kuelea katika kundi hilo. Pweza wa miamba yetu naye huelea humo siku zake za kwanza, kabla ya kushuka mwambani na kuwa yule pweza ambaye wanawake wa pwani humfuata maji yakitoka. Basi mtu akisema kwamba sumu yawaingia planktoni, hasemi habari ya mdudu asiyetuhusu. Anasema habari ya kitalu. Na mkulima yeyote ajua kitalu kikiharibika shamba huwa namna gani.

SUMU YAINGIAJE?

Wengi wetu hudhani plastiki ni kitu kimoja, kama chuma au mti. Sivyo. Plastiki ni mchanganyiko. Msingi wake hutokana na mafuta ya petroli na gesi, kisha huongezwa dawa za kila namna: za kuilainisha, za kuitia rangi, za kuikinga na jua, za kuizuia isishike moto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa mwaka 2023 ikieleza kwamba kemikali zinazohusiana na plastiki zapita 13,000, na kwamba zaidi ya 3,200 kati yake zina tabia za kutia hofu. Zimo fthalati, zitumikazo kulainisha plastiki ngumu. Imo bisfenoli A. Zimo dawa za kuzuia moto zenye bromini.

Sasa basi, jambo la kushika ni hili. Dawa nyingi katika hizo hazikuunganika na plastiki yenyewe. Zimo ndani yake kama chumvi ilivyomo ndani ya wali. Plastiki ikipigwa na jua na mawimbi hupasuka vipande, na kila inavyopasuka ndivyo dawa inavyotoka ikaingia majini. Mfuko ambao mwananchi ameutumia dakika kumi kubebea nyanya waweza kutoa dawa zake kwa miaka mingi.

Iko na njia ya pili. Baharini tayari mna sumu za zamani, kama vile DDT na zile za ukoo wa PCB, zilizotumiwa katika mashine za umeme na hata katika rangi na plastiki, kabla ya mataifa kuzikataza. Sumu hizi hazipendi maji, hupenda mafuta. Na kwa kuwa plastiki ni mtoto wa mafuta, huifuata zikaiganda. Mwaka 2001 wataalamu wa Japani, akiwemo Profesa Hideshige Takada, walionyesha kwamba punje za plastiki zilizoachwa baharini zaweza kukusanya sumu hizo mpaka mara milioni moja kupita maji yaliyozizunguka. Hivyo kipande cha plastiki huwa mara mbili adui: hutoa sumu aliyozaliwa nayo, tena hubeba sumu aliyoiokota njiani.

Na vipande hivyo wadogo wetu huvila, maana vimekuwa sawa kwa ukubwa na chakula chao. Wala si jambo la jana. Katika bahari ya kaskazini ya Uingereza planktoni wamekuwa wakikusanywa kwa vyombo vinavyovutwa na meli, na mikusanyo hiyo huhifadhiwa. Mwaka 2004 Richard Thompson na wenzake walipoichunguza ile ya kuanzia miaka ya 1960, walikuta nyuzi za plastiki zimo tangu wakati huo, na kwamba zimekuwa zikiongezeka.

YALIYOONEKANA

Wako watakaouliza: je, kuna ushahidi kwamba wadogo hao hudhurika kweli? Uko. Mwaka 2015 Matthew Cole na wenzake wa Uingereza walitoa matokeo ya kopepodi waliowekwa katika maji yenye vidonge vidogo sana vya plastiki pamoja na chakula chao cha kawaida. Kopepodi hao wakapunguza kula, hata uzito wa chakula walichopata ukapungua kwa kadiri ya asilimia 40. Walipoendelea kukaa humo walitaga mayai madogo, na mayai yaliyoanguliwa yakapungua. Huyo ni mnyama aliyeshibishwa takataka akabaki na njaa tumbo likiwa limejaa.

Hiyo ni plastiki yenyewe. Dawa zake nazo zina mambo yake. Wanyama wa jamii ya kamba hukua kwa kujivua gamba, na kujivua huko huamriwa na homoni, yaani ujumbe wa mwili. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Marekani, Zou na Fingerman, walionyesha kwamba fthalati ya namna moja, pamoja na baadhi ya PCB, zilimchelewesha dafnia, mnyama mdogo wa jamii hiyo aishiye katika maji baridi, kujivua gamba lake. Mnyama asiyejivua kwa wakati wake hakui kwa wakati wake, na asiyekua hazai.

Mwaka 2016 huko Hong Kong waliloweka majini plastiki za aina saba zitumikazo madukani na majumbani, kisha maji yale wakawapa watoto wa wanyama wa gamba wale wanaoganda chini ya majahazi na katika nguzo za gati. Dawa zilipozidi katika maji vifo viliongezeka, na plastiki iliyoua zaidi kuliko nyingine ilikuwa PVC, ile ya mabomba na viatu. Mwaka huo huo wataalamu wa Brazili waliweka mayai ya kome katika maji yaliyolowekwa punje za plastiki zilizookotwa ufukoni. Yote ama yalikufa ama yalikua na kilema.

Wala asidhani mtu kwamba bahari kuu ni pana mno hata sumu ikapotea humo. Mwaka 2017 Alan Jamieson na wenzake walitangaza habari za wanyama wadogo, mfano wa kamba, waliotolewa katika handaki la Mariana la Bahari ya Pasifiki, mahali penye kina kupita mita 10,000, ambako nuru ya jua haijapata kufika. Katika miili yao zilikutwa PCB pamoja na zile dawa za kuzuia moto zitiwazo katika plastiki. Kiasi cha PCB katika baadhi yao kilikuwa mara 50 ya kile cha kaa waliokaa katika mashamba ya mpunga yanyweshwayo na mto Liaohe wa China, mto uliojulikana kwa uchafu. Ikiwa sumu imefika huko, itakosaje kufika kwetu?

MOTO WA COLOMBO

Ndugu wasomaji, jambo hili si la maabara tu. Tarehe 20 Mei 2021 meli ya makontena iitwayo X-Press Pearl, iliyosajiliwa Singapore, ilishika moto mbele ya bandari ya Colombo, Sri Lanka, katika hii hii Bahari ya Hindi inayopiga mwambao wetu. Ndani yake mlikuwa na asidi ya naitriki, na kontena moja lilikuwa limeanza kuvuja siku kadhaa kabla, hata bandari mbili zilizotangulia hazikukubali kulishusha. Humo humo mlikuwa na kadiri ya tani 1,680 za punje za plastiki, zile ndogo kama dengu ambazo viwanda huziyeyusha kutengeneza ndoo, mifuko na chupa. Mwezi wa Juni meli ikazama. Punje zikafunika fukwe mpaka magotini mahali pengine, nyingine nyeupe, nyingine zimeungua na kugandana. Wataalamu waliozipima walikuta kwamba zilizoungua zilikuwa na mchanganyiko wa kemikali mwingi kupita zile zisizoungua. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba hakuna umwagikaji wa plastiki uliopata kuandikwa ulio mkubwa kuliko huo.

Ni nani aliyeumia? Si mwenye meli, aliye na bima. Aliyeumia ni mvuvi wa Sri Lanka aliyekatazwa kutia chombo majini, na mke wake auzaye samaki sokoni ambaye wateja walimkimbia. Mwezi wa Julai 2025 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamuru wahusika wa meli walipe fidia ya dola bilioni 1 za Kimarekani. Twawapongeza ndugu zetu wa Sri Lanka kwa kusimama na haki yao. Lakini miaka minne ilikwisha kupita, na hakuna fedha iwezayo kuzikusanya punje zilizokwisha kutawanyika.

Na kwa nini mzigo huo ulisafirishwa kama mchele? Kwa sababu katika sheria za safari za baharini punje za plastiki hazikuhesabiwa kuwa shehena ya hatari. Mwezi wa Machi 2024 kamati ya Shirika la Kimataifa la Bahari ilikubali maagizo ya jinsi ya kuzifunga na kuzipanga melini. Lakini maagizo hayo ni ya hiari. Hiari! Mwenye mali aombwe kwa hiari yake apunguze faida yake? Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Malindi ya Unguja wanajua vizuri hiari ya matajiri ina uzito gani.

HOJA ZA WAPINZANI

Haki yataka tuzisikilize na hoja za upande wa pili, tena zile zilizo na nguvu.

Ya kwanza yasema kwamba katika maabara wanyama hupewa plastiki nyingi kupita iliyomo baharini. Ni kweli kwa majaribio mengi. Wako na wataalamu, kama Mholanzi Albert Koelmans na wenzake, walioandika mwaka 2016 kwamba zile sumu za zamani zilizomo baharini humfikia mnyama zaidi kwa njia ya chakula chake cha kawaida kuliko kwa njia ya plastiki anayomeza. Hatuna sababu ya kulikana hilo. Lakini hoja hii haizigusi zile dawa zilizotiwa kiwandani, ambazo huja baharini na plastiki yenyewe. Tena kiasi hakikai mahali pamoja. Mwaka 1950 dunia ilitengeneza tani milioni 2 tu za plastiki. Mwaka 2019 ilitengeneza kadiri ya tani milioni 460. Kingi cha leo kesho kitakuwa kidogo. Nayo midomo ya mito na mabwawa ya bandari si bahari kuu. Huko takataka husongamana, na huko ndiko samaki wengi huzalia. Mto Msimbazi hupita katikati ya Dar es Salaam na kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander kila kitu ambacho mvua imekizoa. Mwenye kungoja mpaka dozi ya maabara na dozi ya bahari zilingane anangoja nyumba iishe kuungua ndipo aite maji.

Ya pili yasema kwamba plastiki yatoa kazi, na kwamba kuibana ni kumbana mfanyakazi. Hoja hii yapendwa sana na wenye viwanda, nao huitoa kwa sauti ya huruma. Tuwakumbushe habari moja. Mwaka 1974, kule Louisville nchini Marekani, ilitangazwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha PVC walikufa kwa saratani ya ini ya namna isiyo ya kawaida, iliyoletwa na gesi ya vinili kloridi waliyokuwa wakiivuta kazini. Serikali ilipotaka kuweka sheria kali, wenye viwanda walilia kwamba viwanda vitafungwa na maelfu watakosa kazi. Sheria ikawekwa. Viwanda vikabadili mitambo, kazi ikaendelea, na hewa ya kiwandani ikawa safi kupita ilivyokuwa. Mtu wa kwanza kuionja sumu ya plastiki si kopepodi, ni mfanyakazi. Sheria imlindayo mmoja humlinda na mwingine.

Ya tatu yasema kwamba kosa ni la mwananchi anayetupa ovyo. Hatumtetei mchafu, na Chama hakijapata kuutukuza uchafu. Lakini mwananchi hakuchagua dawa iliyomo ndani ya ndoo aliyoiuziwa. Hakuna aliyemwambia. Ndoo haina maandishi, mfuko hauna maandishi, kandambili hazina maandishi. Dawa ya panya huuzwa na onyo juu yake, lakini plastiki yenye dawa kumi huuzwa bubu. Ni haki gani hii ya kumlaumu mtu kwa siri aliyofichwa?

SHERIA HUPONYA

Wala tusikate tamaa tukadhani bahari ikiisha kutiwa sumu haiponi. Miaka ya 1970 meli za Ulaya zilipakwa rangi yenye tributiltini ili wadudu wasigande. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wakaacha kuzaa na maganda yao yakaharibika. Na katika pwani za Uingereza konokono wa baharini wa kike wakaota viungo vya kiume hata wasiweze kutaga. Kiasi kilichotosha kufanya hayo kilikuwa kidogo mno, hata vyombo vya wakati huo vilipata shida kukipima. Ufaransa ilikataza rangi hiyo katika vyombo vidogo mwaka 1982, na chaza wa Arcachon wakarudi. Mkataba wa dunia nzima ukafuata mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2008. Hakuna aliyefagia ghuba ile kwa ufagio. Walifunga bomba la sumu, na bahari ikajisafisha yenyewe.

Nasi nyumbani hatukukaa bure. Unguja na Pemba zilikwisha kuikataza mifuko ya plastiki kabla ya Bara, na Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Wako waliosema wakati ule kwamba biashara itakufa. Soko halikufa, mama ntilie na wauza mboga wakapata vikapu na mifuko mingine, na mitaro ikapumua. Huo ni ushindi wa wananchi. Lakini katazo lile lilihusu umbo la mfuko, si dawa iliyomo ndani ya plastiki nyingine zote. Tumefunga dirisha, mlango ungali wazi.

TUNALOTAKA

Mwezi wa Machi 2022, mataifa yalipokutana Nairobi, yalikubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafu wa plastiki. Yakakutana Busan, Korea ya Kusini, mwishoni mwa mwaka 2024, yasipatane. Yakakutana tena Geneva mwezi wa Agosti 2025, yakatawanyika mikono mitupu. Zaidi ya nchi 100, za Afrika zikiwa mstari wa mbele, zilitaka mkataba uguse kiasi cha plastiki inayotengenezwa na kemikali zitiwazo ndani. Nchi chache zenye visima vya mafuta zikataka mkataba uishie kwenye kuzoa takataka. Tafsiri yake ni nyepesi: wao watengeneze, sisi tuzoe.

Twasema hapana. Yatupasa wajumbe wetu, kila mazungumzo hayo yafanyikapo, washikilie mambo matatu pasipo kuyumba. La kwanza, mtengenezaji wa plastiki alazimishwe kutangaza kila dawa aliyotia, na tangazo hilo lifuatane na bidhaa mpaka mikononi mwa mnunuzi. La pili, dawa zilizokwisha kujulikana kuwa na madhara zikatazwe duniani kote, kama Mkataba wa Stockholm ulivyofanya mwaka 2023 kwa UV-328, dawa ya kuikinga plastiki na jua. Ikiwa moja imewezekana, nyingine zitawezekana. La tatu, punje za plastiki zihesabiwe kuwa shehena ya hatari, kwa sheria na si kwa hiari.

Na nyumbani pia tuna wajibu. Serikali iwape wakaguzi wa bidhaa na wataalamu wa bahari vyombo vya kupima kemikali hizi, ili tusingoje kuambiwa na wageni kilichomo katika dagaa wetu. Halmashauri za miji zikomeshe uchomaji wa plastiki majalalani, maana moto hauiondoi sumu, huibadili jina. Matawi ya wafanyakazi katika viwanda vya plastiki na bandarini yadai kwa waajiri orodha ya kemikali wanazozishika kila siku. Hiyo si fadhila, ni haki ya mtu kujua kinachoingia kifuani mwake. Na orodha hiyo ikipatikana kwa ajili ya mfanyakazi, itakuwa imepatikana pia kwa ajili ya bahari.

Kwa muda mrefu tumefundishwa kwamba wanyonge hupata nguvu wakiwa pamoja. Kopepodi hana chama, hana mwakilishi Geneva, wala hawezi kuandika barua kwa mhariri. Lakini mvuvi anaweza, kuli wa bandari anaweza, mfanyakazi wa kiwandani anaweza, na mama mwuza samaki anaweza. Wote hao wanakula kwa jasho la huyo mdogo asiyeonekana. Wakinyamaza leo kwa kuwa sumu imempata mdogo, kesho itawakuta wao wenyewe mezani. Mtengenezaji na aseme alichotia. Akikataa kusema, bidhaa yake isiteremshwe katika bandari zetu.